Mbao za Kuazima

Mtaa wetu una chama cha wakazi, na chama kina mwenyekiti, Mzee Jonah, ambaye hawezi kuvumilia mgeni akute uchafu. Hiyo ndiyo sifa yake, na ndiyo iliyotuponza.

Mwaka ule, tisini na sita, shida yetu ilikuwa moja tu: mtaro. Unatoka sokoni, unapita katikati ya nyumba, unateremkia kwenye mashamba ya chai. Wakati wa kiangazi ni uvundo tu. Lakini mvua ya mawe ikipiga huko juu, maji huja kama ng'ombe aliyekata kamba. Ndiyo yaliyomchukua mwanangu Weldon akitoka shule ya nasari. Walimpata huko chini, kwenye mashina ya chai.

Watu walinihurumia kwa namna yao. Baada ya mazishi waliacha kuniita Mama Weldon wakaanza kuniita Mama Sally, jina la dada yake mdogo, kana kwamba wamekubaliana mkutanoni. Labda walikubaliana. Sikuuliza. Siku zile sikuuliza kitu. Nilichuma chai, nilipika, nilifua, na mtu akiniambia pole nilisema asante. Nilitaka jambo moja tu: mtaro ufunikwe kabla Sally hajaanza shule, maana shule iko ng'ambo na njia ni ile ile.

Chama kilienda kanjo, ofisi za baraza la mji. Walitangulia wazee, wakaambiwa warudi siku nyingine. Wakaenda akina mama, wakakalia benchi mpaka ofisi ikafungwa. Mwishowe akaenda Wanjuhi, mwenye duka la mbao, peke yake na ulimi wake, na huyo hakurudi mikono mitupu. Afisa angekuja Alhamisi kujionea mwenyewe.

Mzee Jonah akaitisha mkutano. Akaomba, na maombi yake si mafupi, kisha akasema, "Sasa tufagie."

"Tufagie nini?" Wanjuhi akauliza.

"Mtaa. Mtu wa serikali akuje apate nyasi iko kwa magoti? Atasema hapa hakuna wamama."

Hakuna aliyepinga, hata Wanjuhi. Ndivyo tulivyolelewa: hata adui akija unafagia kwanza, unampa chai, ndipo unamuuliza kilichomleta. Wakafyeka nyasi, wakapaka mawe chokaa. Kisha mtu akasema mgeni hawezi kuruka uvundo na viatu vyake, kwa hiyo kila nyumba ikatoa mbao za kufunika mtaro. Mzee Jonah alibomoa kizimba cha ndama. Wanjuhi alileta za dukani. Mimi sikuwa na mbao ila za kitanda cha Weldon. Nikang'oa mbili huku nikisikiliza redio. Sikuhisi kitu.

Afisa akaja, akavuka bila kutazama chini. Nyumbani kwa Mzee Jonah alikula kuku, akanywa maziwa ya mursik, akamiminiwa tena.

"Nimetembea mitaa mingi," akasema akijipangusa midomo. "Sijaona safi kama huu. Na mtaro mmefunika wenyewe. Hiyo ndiyo maendeleo."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la kunawia. Nikasema, "Hizo mbao ni za kuazima."

Mzee Jonah akacheka kidogo. "Huyu mama alipoteza mtoto, bwana afisa. Bado ako na uchungu. Ongeza kuku."

Afisa akaniambia pole. Kisha akaongeza kuku.

Saruji ya kanjo ya kufunika mtaro ilienda mtaa wa pili, ambako hawakufagia. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tulikuwa tumezaa, na tumezika, na bado tunaficha.

Halafu mbao zikaanza kurudi kwa wenyewe. Wanjuhi alikuja na mkokoteni. "Mama Sally, usinione mbaya. Kuna mteja wa Kipkelion anazingoja." Mzee Jonah akachukua zake kwa sababu ndama alikuwa analowa. Kila mmoja aliniamkua vizuri, akainama, akachukua chake. Mwishowe zikabaki mbili zangu, na mtaro wote uliobaki ukawa wazi kama zamani.

Januari Sally alianza nasari. Kila asubuhi alivuka juu ya kitanda cha kaka yake nikiwa nimemshika mkono. Mvua kubwa ilipofika, maji yakawa yanagusa mbao kwa chini. Nikaanza kumbeba mgongoni. Usiniulize nilikuwa nafikiria nini. Nilikuwa natazama nyayo zangu tu.

Wanjuhi akarudi kanjo, akapiga kelele tena, na afisa yule yule akakubali kuja. Mzee Jonah akaomba. Kisha akasema, "Tufagie. Na kila mtu alete mbao."

Asubuhi ya siku hiyo nikamvusha Mama Nelvine, jirani yangu aliyekuwa wa mwisho kwenda sokoni, halafu nikainua mbao zangu. Zilikuwa nzito kwa maji. Nikazibeba mpaka nyumbani, nikazipigilia misumari kwenye kitanda. Nilipotoka nje, Wanjuhi alikuwa kando ya mtaro na mkokoteni wake umejaa mbao. Alinitazama. Akatazama pale mahali palipokuwa na mbao zangu. Kisha akageuza mkokoteni akarudi dukani, na waliokuwa wanakuja na mbao nyuma yake wakageuka naye.

Afisa akafika na viatu vinang'aa. Maji yalikuwa mekundu, yanakimbia. Ng'ambo Mzee Jonah alikuwa amesimama katikati ya mawe yake meupe, amenyoosha mkono wa kumsalimu mgeni, na mkono haufiki. Harufu ya kuku ilikuwa inatufikia vizuri.

"Mnavuka wapi?" afisa akauliza.

Mzee Jonah akaangalia chini.

"Hapa," nikasema. Sally alikuwa mgongoni.

"Hata watoto?"

"Hata watoto. Mmoja hakuvuka."

Akasogea mpaka ukingoni, akachungulia, akarudi nyuma kidogo. "Wewe ni mama nani?"

"Mama Weldon," nikasema, na hapo ndipo nikalia, mbele ya mgeni.