Uzi wa Kijani

…kola kwanza, halafu mabega, halafu mikono, mgongo mwisho, maana ukianza na mgongo utaukunja tena ukirudi kwenye kola, amewafundisha wanawe wote watatu na hakuna hata mmoja aliyeshika, ndiyo maana jioni zote za dunia ni yeye na pasi na rundo la sare, huku sufuria ya maharage ikinong'ona jikoni na mvuke ukipanda kwenye kioo cha dirisha mpaka mtaa wa nje unageuka kitu cha kuota, taa zinaelea, watu wanapita bila miguu, na yeye naye karibu aelee, ndipo mlango ukasukumwa na wifi yake akaingia na kapu lake, mdogo wa mumewe anayekaa nao hapa, mpishi wa kiwanda kile kile cha sare anakoshona yeye, mtu ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, akavua viatu, akafunua sufuria, akasema chumvi haijatosha, kisha akasema kwa sauti ile ile ya chumvi, "Wifi, wamemwachisha kazi somo wako," na yeye mkono wake ukaendelea na pasi, bega la kushoto, bega la kulia, kana kwamba habari imemfikia mtu mwingine aliyesimama nyuma yake.

Somo wake, kwa sababu wana jina moja, siku ya kwanza kazini msimamizi aliita jina na wanawake wawili wakasimama pamoja, kiwanda kizima kikacheka, wao wakacheka zaidi, miaka kumi na miwili sasa, somo nipe mkasi, somo umelala, somo huyo mumeo amekukosea nini tena leo… wifi anaeleza, amekwishakaa na kunyoosha miguu, kwamba walimrudisha ofisini akiwa getini anatoka, kwamba hakubishana, alisema nimekosea, basi, akaondoka na mkasi wake mwenyewe ameufunga kwenye kitambaa, na mlinzi alitaka kuukagua kisha akaona aibu… nimekosea, alisema hivyo, somo, mwanamke ambaye hajawahi kukubali kosa hata la kumwaga chai… na shati chini ya pasi ni la mwanawe wa kati, mkono mfupi, akaugeuza bila kutaka akatazama mshono, kwa sababu mkono wa shati una mbele na nyuma, mbele umechongwa kidogo zaidi, na mkatiaji huweka alama ya ncha ya mkasi, moja mbele, mbili nyuma, usipotazama unashona wa kulia kushoto na shati likilala mezani huoni kitu, mpaka mtoto ainue mkono kujibu swali ndipo shati zima linapopanda na tumbo linabaki nje, mashati sitini ya namna hiyo, shule nzima ya watoto wanaoogopa kuinua mkono, karibu acheke, pasi ikanuka, akainyanyua.

Yalirudishwa siku nane zilizopita. Msimamizi aliinua moja mbele ya wote akapindua upindo, maana kila mshonaji ana rangi yake, mishono mitatu midogo ndani ya upindo ili kosa lijulikane lina mama gani, wake ni wa machungwa, wa somo ni wa kijani, na mle ndani ulikuwa kijani, kijani, kijani, mashati yote sitini… na mchana alioyashona anauona sasa kwenye kioo chenye mvuke kuliko anavyouona mtaa, simu ya somo ililia, mama yake mzazi ameanguka bafuni, hakuna wa kumpeleka hospitali, na ukitoka bila ruhusa siku yako inafutwa, yeye akamwambia nenda, toka na mlango wa jikoni, mimi nitakushonea rundo lako, kwa uzi wako, nani atajua, akapachika bobini ya kijani kwenye cherehani yake akashona mpaka macho yakawa yanaona mashati mawili pale palipo na moja, na alama za mkasi zikaungana zote kuwa moja… ilikuwa hisani, si ndivyo, asingeondoka yasingetokea, mama yake asingeanguka yasingetokea, unaweza kurudi nyuma hivyo mpaka kwa aliyeweka vigae bafuni, lakini msimamizi aliuliza, "Kuna mwenye la kusema?" na yeye akainama akatunga sindano iliyokwisha kutungwa, na somo akamtazama mara moja, si kwa hasira, kama mtu anayekungojea mlangoni ukimaliza kufunga kiatu, akangoja, kisha akaacha kungoja.

Na wifi hajamaliza, wifi hamalizi, anasema kuna la heri humo humo, kesho unahamishiwa kiti cha dirishani cha somo wako, amemsikia msimamizi mwenyewe akisema, hutatunga tena sindano kwa kukisia… dirishani, kwenye mwanga, miaka kumi na miwili akikitamani kiti kile, na hapo ndipo penye kidonda, kwa sababu alijua, siku tatu kabla ya mashati kurudi, wifi alimpakulia chakula akamnong'oneza juu ya upawa kwamba mstari wao utapunguzwa mtu mmoja, usimwambie yeyote, na hakumwambia yeyote, akarudi akaketi ubavuni mwa somo, wakagawana ndizi, akasema moyoni nitamwambia jioni, na jioni akasema kesho… kwa hiyo siku ile haikuwa woga tu, kulikuwa na hesabu ndogo iliyojipiga yenyewe gizani, na jibu lilikuwa somo.

Akachomoa pasi. Akaita, wakaja kwa makelele yao, mumewe fundi bomba akinawa mikono na kumtania dada yake kuwa kwa mpishi chakula cha mtu mwingine hakijawahi kuiva, na yeye akapakua wali, akapakua maharage, akahesabu vichwa kama anavyohesabu kila siku, mume, wifi, mkubwa, wa kati, mdogo, na yeye, sita, hakuna aliyekosekana, na ajabu, ni hawa hawa aliojitetea nao kwa siku nane, nimenyamaza kwa ajili yao, wale nini, wavae nini, na sasa anawatazama wakigombania kiti kisichoyumba, na hakuna hata mmoja kati yao aliyemtuma.

"Yale mashati niliyashona mimi," akasema.

Kijiko cha wifi kikasimama kidogo, kikaendelea. "Najua, wifi. Kula."

"Kesho nitawaambia kiwandani."

Mumewe akauliza, taratibu, kama amefikiri vizuri, yeye akajibu kwamba amefikiri siku nane, na wifi akasema watawaondoa wote wawili wabaki na viti viwili vitupu, hiyo ndiyo faida utakayopata, na huenda ni kweli, wifi ni mara chache kukosea, na huenda somo hatafungua mlango hata akigonga, hilo nalo alikwisha kulifikiria… mdogo akasogeza sahani yake mbele kuomba nyongeza, akampa, mkubwa akawa amemkazia macho kama anamwona kwa mara ya kwanza, akamwacha amtazame, na akavuta kigoda chake, akaketi, akala, akala vizuri, kwa sababu asubuhi kuna maneno ya kwenda kusema, na hayasemeki kwa tumbo tupu.