Alama Nne za Joka la Ng'ambo

Saa tatu na robo asubuhi, Jumanne, lori la Paulinus Echodu lilikuwa limesimama mahali pamoja kwa saa arobaini na moja, kilomita mbili na nusu kabla ya geti la Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Mbele yake kulikuwa na malori mia moja thelathini na manne. Aliijua idadi hiyo kwa sababu aliyahesabu jana, alipotembea kwenda kuoga.

Wakati huo simu yake ilimjulisha kwamba tathmini ilikuwa imechapishwa.

Echodu alikuwa mtu wa Angurai, umri miaka thelathini na sita. Aliendesha malori kwa miaka kumi na mmoja, na katika mitatu ya mwisho alitengeneza mchezo wa simu. Aliutengeneza wote ndani ya kabini, akiwa kwenye foleni hii au ile ya Busia. Uliitwa Joka la Ng'ambo. Ulikuwa mchezo wa mapigo: ngoma inalia, mchezaji anagusa kioo cha simu inapolia, na akigusa sawasawa adui anaanguka. Hadithi yake iliwakejeli wale mashujaa wa michezo mirefu, wanaopewa upanga na unabii na kutumwa kuokoa ulimwengu. Shujaa wa Echodu alitabiriwa na mbuzi. Upanga alipewa, lakini ulikuwa mzito asiweze kuuinua, kwa hiyo alipigana kwa kupiga makofi. Joka lilikaa ng'ambo ya mto likimsubiri hadi likazeeka, na yeye hakuwahi kuvuka, kwa maana kila mlinzi wa geti alimdai karatasi iliyokuwa kwa mlinzi aliyetangulia.

Maonyesho ya michezo ya simu jijini Nairobi yalikuwa yakichagua washiriki. Kila mchezo ulipewa mhakiki mmoja. Aliyepata alama sita kwa kumi au zaidi aliingia, na pamoja na kuingia alipata miezi sita ya mafunzo katika karakana ya watengeneza michezo. Echodu alikwisha kuandika barua ya kuacha kazi ya udereva. Haikuwa na tarehe. Orodha ingefungwa siku hiyo saa kumi na moja jioni.

Alifungua tathmini. Alama ilikuwa nne.

Mhakiki, Mercyline Achieng, hakuwa ameandika kwa hasira. Alisema mzaha wa mchezo ni wa mtu anayejua anachokichekesha. Alimsifu mbuzi. Alieleza kwamba alicheka peke yake kwenye geti la tatu, pale shujaa anapoambiwa kwamba aliyezaliwa bila shahidi hakuzaliwa. Kisha aliandika: "Lakini huu ni mchezo wa mapigo, na mapigo yake ni ya uongo. Nilicheza saa tatu. Nilipogusa pale ngoma inapolia, mchezo uliniambia nimewahi. Nilipogusa bila kusikiliza kitu, wakati mwingine ulinisifu. Mpiga ngoma asiyesikia ngoma yake hawezi kupata zaidi ya hapa."

Echodu alisoma mara mbili. Halafu aliteremka, akaenda kwenye lori lililokuwa nyuma yake, akampa simu Ojakol.

Ojakol alikuwa dereva wa miaka hamsini na miwili, na ndiye mtu wa kwanza aliyewahi kuucheza mchezo huo. Madereva kama sitini wa foleni ya Malaba walikuwa nao kwenye simu zao. Rekodi ya juu, tisini na sita kwa mia, ilikuwa yake.

"Huyu mama hana sikio," Ojakol alisema.

"Ameandika ni mimi sina."

"Wewe? Boss, hiyo ngoma ni ya kwetu. Mimi nimechezea hiyo ngoma harusi ngapi? Huyo ni mtu wa kucheza na kijiko kwa sufuria. Ngoja."

Alituma ujumbe katika kundi la madereva. Kufikia saa nne na nusu kulikuwa na maoni ishirini na saba chini ya tathmini. Moja lilimshauri Mercyline Achieng aende kliniki ya masikio. Jingine lilisema Nairobi watu hucheza ngoma kwa kutumia kalenda. Kiptoo, dereva wa lori lililomfuata Ojakol, aliandika tu: "Dada, hata ng'ombe wangu hupata sabini."

Saa tano na dakika nane mhakiki alijibu. Hakutetea masikio yake. Aliweka video ya sekunde arobaini: simu juu ya meza, visikizi vya waya, kidole chake, sauti. Kila ngoma ilipolia, kidole kiligusa. Kila mara maandishi yakasema, Umewahi. Chini yake aliuliza swali moja: "Ninyi mnasikilizia nini?"

Ojakol alijibu kwa niaba ya wote, akaweka na picha. Ilikuwa spika ndogo nyekundu isiyo na waya, iliyoning'inizwa kwenye kioo cha ndani cha lori. Spika za aina hiyo zilikuwa zikiuzwa kwenye soko la Busia, na karibu kila dereva wa foleni alikuwa na moja, kwa kuwa injini zikinguruma sauti ya simu haisikiki.

"Wote mnatumia hiyo?" aliuliza mhakiki.

"Wote," aliandika Ojakol. "Hata fundi wa mchezo mwenyewe."

Echodu alisoma mazungumzo hayo akiwa kabini. Alinyoosha mkono akaizima spika nyekundu, akafunga vioo, akaweka simu karibu na sikio na kucheza geti la kwanza. Wastani wake ulikuwa tisini na mbili. Safari hii alipata thelathini na moja. Umewahi, umewahi, umewahi.

Aliwasha kompyuta. Jambo lenyewe lilipimika. Sauti inayosafiri bila waya huifikia spika ikiwa imechelewa, na spika ile ilichelewa milisekunde mia mbili, yaani sehemu ya tano ya sekunde. Alipokuwa akiupanga mchezo miaka mitatu iliyopita aliisikiliza spika hiyo, akaona ngoma haigongani na mguso, akasogeza mguso hadi vikagongana. Kila aliyeujaribu baada yake alikuwa dereva wa foleni mwenye spika ileile. Wote walimwambia uko sawa, na kwao ulikuwa sawa.

Alimwita Ojakol, akamweleza.

"Kwa hivyo yule mama anasikia vizuri."

"Anasikia vizuri kabisa."

"Na mimi nimemwambia aende kliniki."

"Huyo alikuwa mtu mwingine."

"Alikuwa shemeji yangu. Nilimwambia nini cha kuandika." Ojakol alifuta uso kwa kiganja. "Inarekebishika?"

"Ni namba moja tu. Mia mbili iwe sufuri. Lakini hapo itakuwa sawa kwa yule mama, iwe mbaya kwa hizi spika. Ya kupendeza pande zote inataka wiki moja ya kazi."

"Wiki huna. Mwandikie."

Echodu alimwandikia mhakiki mistari mitatu: kosa ni lake, limejulikana, toleo jipya litafika kabla ya saa kumi na moja. Jibu lilikuwa neno moja. "Nangoja."

Namba aliibadilisha kwa dakika moja. Kuujenga mchezo upya kulichukua saa mbili na nusu, maana kompyuta ilikuwa ya zamani. Betri yake ilikufa mwaka uliopita, kwa hiyo iliwaka tu ikiwa imechomekwa kwenye umeme wa lori. Saa tisa na dakika ishirini faili lilikuwa tayari. Saa tisa na dakika ishirini na mbili lilianza kupanda kupitia simu yake.

Mtandao wa Kenya ulishika vizuri hadi kituo cha mafuta kilichokuwa mita mia moja mbele. Kutoka hapo kuelekea getini simu zilikuwa zikirukia mtandao wa Uganda, na kifurushi chake hakikufanya kazi huko. Faili likikatika njiani, lilianza upya kutoka mwanzo.

Saa tisa na dakika hamsini, faili likiwa limefika asilimia thelathini na nne, foleni ilisogea.

Haikusogea kwa lori moja tu. Ilisogea kama mfereji uliozibuliwa. Sababu haikutangazwa. Malori ya mbele yaliwaka, yakaondoka, na barabara ikabaki wazi mbele ya Echodu.

Foleni ya Malaba ina kanuni isiyoandikwa. Dereva akienda kula au kuoga, humwachia funguo jirani wa nyuma, naye humsogezea lori. Lakini mtu akiwa ndani ya lori lake na asisogee, nafasi ya malori matatu ikitokea mbele yake, amepoteza zamu. Wa nyuma hupita, na hakuna anayerudisha zamu iliyopitwa.

Kiptoo alipiga honi. Kisha wakapiga kumi kwa pamoja.

Ojakol alikuja mbio hadi dirishani. "Chukua hiyo kompyuta ukachomeke kwa kituo cha mafuta! Nitatafuta mtu wa kuendesha lori."

"Stima imepotea huko tangu asubuhi. Na nikichomoa, inazima."

"Paulinus, ni siku mbili tumekaa hapa. Ukipitwa unaanza na wale wa mkiani kule Amagoro."

"Najua."

"Wewe mzee wa spika!" Kiptoo alipaza sauti kutoka nyuma. "Umeolewa na hiyo barabara? Toa gari!"

Echodu alitazama skrini. Asilimia thelathini na sita. Alitazama barabara. Nafasi mbele yake ilikuwa ya malori manane.

"Pita," alimwambia Ojakol.

Ojakol alisimama kidogo na mkono wake mlangoni. Kisha alirudi kwenye lori lake, akazungusha usukani, akampita bila kumtazama. Kiptoo alifuata, honi ikiwa bado inalia. Echodu aliacha injini ikinguruma kwa ajili ya umeme, mguu ukiwa mbali na kanyagio, akayahesabu malori yaliyompita. Aliacha kuhesabu alipofika themanini na tisa, kwa sababu foleni ilikuwa imesimama tena, naye alikuwa kando yake, hayumo ndani yake.

Saa kumi na dakika kumi na tisa faili lilifika. Alimjulisha mhakiki.

Saa kumi na dakika ishirini na tano Mercyline Achieng aliandika: "Nimelipata. Nacheza."

Kwa nusu saa hakukuwa na ujumbe. Mwanamke aliyeuza mayai ya kuchemsha alipita chini ya dirisha, akauliza kama boss ameharibikiwa na gari. Echodu alisema hapana.

Saa kumi na dakika hamsini na sita alama ilibadilika. Ilisomeka sita. Chini yake mhakiki aliongeza sentensi mbili: "Mapigo sasa yako mahali pake. Shujaa bado hafiki popote, na nikisikia ngoma vizuri naona kwamba hilo ni la makusudi."

Saa kumi na moja orodha ilifungwa. Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili ilichapishwa. Ilikuwa na michezo kumi na minne, na Joka la Ng'ambo ulikuwa wa kumi na mbili.

Echodu aliwasha taa za pembeni, akaanza kutafuta nafasi ya kuingia kwenye foleni. Dereva mmoja alimkatalia kwa kichwa. Wa pili alimkatalia kwa honi. Wa tatu alisema, "Nyuma, boss, kama wengine."

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano simu yake ilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa Ojakol, aliyekuwa amefika ndani ya yadi ya forodha.

"Boss, hapa yadi wote tumefungua mchezo na imejibadilisha yenyewe. Nimepiga mara tisini na nane. Zote inaniambia nimechelewa."