Mlumbi wa Jalala

Mume wangu, Okyeame Twumasi kama cheo chake kinavyoitwa kwetu, ni mlumbi, yaani msemaji, wa chifu wetu wa Asuoyaa, na kwa miaka ishirini na saba hajasema neno lake mwenyewe mbele za watu. Anasema ya chifu. Chifu akinong'ona, "Waambie wanyamaze," mume wangu anainuka, anaiegemea ile fimbo iliyopakwa dhahabu kichwani, na kuwaambia watu kwamba mto hupita vizuri pasipo na mawe. Hata mimi alikuja kuniposa kwa niaba ya mjomba wake. Mjomba alikuwa na malori mawili na shamba la kakao. Mpwa hakuwa na kitu ila mdomo, na mimi, kwa ujinga wa miaka kumi na tisa, nikauchagua mdomo.

Nayasema haya ili ijulikane kwamba nilipokuja kushindwa, nilishindwa na mtu ninayemjua hadi anavyokoroma.

Nyumba zetu ziko chini ya jalala la manispaa. Taka za mji mzima humwagwa pale, na zikijaa huchomwa, na zikichomwa moshi hushuka kwetu kana kwamba umealikwa. Mimi huuza uji asubuhi, pamoja na bajia za kunde. Wateja walianza kuniambia uji una ladha ya tairi. Kisha kifua changu kikaanza. Daktari alinisikiliza mgongoni, akasikiliza tena, akaniuliza naishi wapi. Nilipomwambia alifunga daftari lake. Alisema mapafu yangu hayatavuka harmattan nyingine pamoja na moshi ule. Ama uondoke moshi, ama niondoke mimi. Na mimi siwezi kuondoka, maana fimbo ya ulumbi ya Asuoyaa hailali nje ya Asuoyaa, na mwenye fimbo halali mbali nayo. Ilikuwa Julai. Upepo wa harmattan huja Desemba na vumbi lake lote.

Basi tukaandika malalamiko. Tulikusanya saini mia nne na kumi na mbili, tukafunga vitambaa vyekundu vichwani, tukaenda kwa miguu hadi ofisi za manispaa. Afisa wa malalamiko, Bwana Ntiamoah, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, alitupokea kwa heshima zote. Aliyasoma yote, akayasifu, ila akaona kosa. Kwenye nafasi ya mlalamikiwa tulikuwa tumeandika Baraza la Manispaa. Alitueleza kwamba baraza haliwezi kupokea malalamiko dhidi ya baraza, kwani nani ataamua? Tumtaje mwingine. Nani hasa anayetoa moshi?

"Jalala," nikasema, kwa hasira, huku nikikohoa.

"Hapo sawa, Maame," akasema. Akakata jina la baraza, akaandika Jalala.

Nilipomsimulia mume wangu tulicheka mpaka machozi. Sikumbuki kama tulicheka tena pamoja mwaka ule.

Kanuni za kamati ya malalamiko zinataka mlalamikiwa apewe nakala na siku ishirini na moja za kujibu. Tarishi akatumwa. Alisimama mbele ya jalala, akaisoma barua yote kwa sauti, akaitundika kwenye mpapai uliojiotea pale juu, kisha akahangaika kutafuta mtu wa kutia saini kwamba imepokelewa. Siku ya tatu mbuzi wakaila. Siku ishirini na moja zilipopita tulirudi kudai hukumu, kwa kuwa mwenzetu hakujibu. Bwana Ntiamoah alitikisa kichwa. Alisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwamba mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nikamuuliza mnyonge ni nani hapo. Akachomoa kalamu, akaandika kitu.

Alichoandika kilikuwa barua kwa chifu. Kwa kuwa mlalamikiwa hana mdomo, kamati inaomba msaada wa mila. Na mila yetu haina utata: asiyeweza kusema mbele ya wakubwa hupewa mlumbi, na mlumbi akiitwa na asiye na mdomo hana ruhusa ya kukataa. Asuoyaa ina mlumbi mmoja tu.

Jioni ile nilimshauri augue. Watu huugua kila siku, na yeye augue. Alikuwa anakula viazi vikuu kwa mchuzi wa majani ya kontomire, na hakuinua uso.

"Fimbo haichagui, Serwaa."

"Na mkeo je?"

"Mke ana mdomo. Na wewe unao, Mungu shahidi."

"Na kifua? Kifua nacho kina mdomo?"

Akamalizia mchuzi wake. Asubuhi alichukua chupa ya jini akaenda kulimwagia jalala kinywaji, kujitambulisha, na akakaa huko hadi mchana akilisikiliza. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alirudi na daftari limejaa.

Kikao kilifanyika Septemba, ukumbi umefurika. Mlalamikiwa aliwekewa kiti, na juu ya kiti wakaweka beseni la taka za kumwakilisha. Mwenyekiti wa kamati, Madamu Birago, mwanamke mnene wa miwani ya dhahabu, aliniita niseme. Nililigeukia beseni nianze. Akanizuia. Mwenye mlumbi hasemeshwi uso kwa uso, alisema. Nipitie kwa mlumbi wake. Basi nikasimama mbele ya mume wangu niliyemzalia watoto watano.

"Okyeame, liambie hilo jalala kwamba linaniua."

Aligeukia beseni, akainama. "Mheshimiwa, binti wa Asuoyaa anasema pumzi zako zimezidi ukubwa wa kifua chake."

"Sikusema hivyo. Liambie linanuka, na halina haya hata kidogo."

"Anasema sifa zako hufika kabla yako, na kwamba hujifichi kwa mtu."

Ukumbi ukaangua kicheko, Madamu Birago naye akavua miwani kujifuta macho. Mimi nikashikwa na kikohozi, nikakohoa mpaka nikaishika meza. Mume wangu alisubiri nimalize. Lakini hakulitafsiria beseni, kwa sababu kikohozi si maneno, na kazi ya mlumbi ni maneno.

Kisha jalala likajibu. Sitadanganya, siku ile mume wangu alilumba kuliko siku zote za maisha yake.

"Nilikuwa bonde," alisema kwa niaba yake. "Mkanijaza. Sikuomba hata ganda la ndizi. Kila mlichokichoka nilikipokea, nisiulize kimetoka nyumba gani. Vitanda vya wazazi wenu waliokufa ninavyo. Viatu vya watoto wenu waliokua ninavyo. Nani kati yenu alikuja kwangu na mzigo nikamrudisha nao? Leo mnanishtaki kwamba ninapumua."

Wanawake walilia. Na mimi nililia, mjinga mimi, na kitambaa chekundu nimekifunga kichwani. Jirani yetu Kwabena Donkor, fundi seremala, aliyetia saini ya pili baada yangu, alininong'oneza kwamba labda tulikuwa wakatili.

Uamuzi ulitoka mchana huohuo. Malalamiko yetu yalitupwa. Jalala ni mkazi wa zamani kuliko sisi. Lijengewe uzio, livutiwe bomba la maji, na bwana afya alitembelee kila wiki kuangalia hali yake. Kila kilichotupwa juu yake ni mali yake na kiko chini ya ulinzi wake. Likiwa na ombi, lilipeleke kupitia mlumbi wake, nalo litajibiwa ndani ya siku tisa. Sisi bomba tulikuwa tumeliomba tangu uchaguzi wa kabla ya ule uliopita.

Wiki nzima sikumpikia. Alikwenda kula kwa dada yake, na dada yake hajui kupika, nami nilifurahi.

Novemba nilikohoa damu. Nilimwonyesha kitambaa, nikamwomba, si kwa ukali, aende akanisemee, kwa chifu au kwa kamati, popote. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema mlumbi haruhusiwi kuisemea nyumba yake. Siku akifanya hivyo fimbo hurudishwa kwa chifu, na maneno yake hayahesabiki tena mahali popote, hata hayo atakayokuwa amenisemea mimi. Sikumpigia kelele. Nilimchukia, lakini kelele zinataka pumzi.

Kesho yake asubuhi nilibeba kigoda, mkeka na sufuria yangu ya uji, nikaenda kwa Donkor na kumtaka alete mkokoteni wake akanitupe.

"Nikutupe vipi, Maame?"

"Kama unavyotupa taka nyingine. Fika juu, inua mkokoteni, mwaga."

Alinimwaga taratibu upande usioungua, akiniomba radhi hatua kwa hatua. Nikatandika mkeka karibu na mpapai. Kufika saa nne, nusu ya Asuoyaa ilikuwa kwenye uzio, na saa tano Bwana Ntiamoah akaja na rejista ya mali za jalala, mume wangu akiwa nyuma yake na fimbo. Kwanza niliamriwa nishuke. Nikasema mimi nimetupwa, nina shahidi, na kitu kilichotupwa hakiamriwi. Bwana Ntiamoah akafunua uamuzi wa kamati, akausoma mara mbili, akahamisha kalamu kutoka mkono huu kwenda ule. Mwisho akamgeukia mlumbi: je, mteja wake anaitambua mali hii?

Mume wangu alinitazama. Tangu nimwonyeshe kile kitambaa hakuwa ameweza kunitazama. Akaiegemea fimbo yake.

"Jalala anasema ni wake. Amemwona akitupwa, naye amempokea kama anavyopokea vyote. Na anasema hivi. Hii mali ina kifua kibovu, na moto unaiharibu. Anataka moto ukome."

"Hayo anayasema jalala mwenyewe, Okyeame?"

"Lini mimi nilisema yangu?"

Bwana Ntiamoah akaandika. Siku ya nane, si ya tisa, tingatinga lilikuja likafukia moto kwa udongo mwekundu, na wachomaji wakapewa barua ya kuwakataza. Bwana afya alikuja Jumanne kwa ziara yake ya kila wiki. Aliniwekea chombo chake kifuani, akanipa dawa, na kwenye fomu akaandika: jalala linaendelea vizuri. Harmattan ikaja, midomo ikapasuka, vumbi likaingia hadi ndani ya uji, nami nikapumua. Nilipumua hadi chini kabisa, mahali nilipokuwa nimepasahau.

Wiki moja kabla ya Krismasi nilikunja mkeka nikarudi nyumbani. Nililala kitandani mwangu. Mume wangu alinipikia mwenyewe, fufu iliyojaa mabonge, nikala yote. Asubuhi ya tatu niliamshwa na harufu ya tairi.

Alitoka mbio kwenda manispaa na fimbo yake bila kuvaa viatu. Bwana Ntiamoah alimkaribisha kiti. Alimweleza kwamba katazo la moto lilitolewa kulinda mali ya jalala. Bwana afya alipokuja Jumanne hakuikuta hiyo mali, hivyo katazo limekwisha lenyewe. Kuhusu mwanamke anayeishi nyumba namba kumi na saba, huyo ni raia. Raia ana haki zake zote. Alete malalamiko.

Mume wangu alirudi akaniambia hayo kama alivyoambiwa, bila kuyapamba hata kidogo. Kisha akaenda kuazima mkokoteni.

Moto ulizimwa tena, na nipo hapa juu tangu siku ile. Nauza uji wangu uzioni, na wateja wanasema umerudi kuwa uji. Kila jioni mume wangu huja na chakula. Askari wa lango anataka kanuni zifuatwe, kwa hiyo Okyeame husimama pale, huiegemea fimbo, na kumuuliza mheshimiwa jalala kama anamruhusu mlumbi wake aione mali yake. Kisha hujijibu kwamba ameruhusiwa, na hupanda.

Jana nilimsubiri afike karibu, kabla hajaweka bakuli chini.

"Okyeame," nikamwambia, "mwambie mheshimiwa kwamba nataka kwenda kwangu."

Aligeuka kama ilivyo desturi. Akainama, akaishika fimbo kwa mikono miwili, akafungua mdomo. Nikangoja asikie kitu huko chini, au abuni, kama alivyowahi kubuni mengi. Askari naye langoni alikuwa anangoja. Mume wangu akafunga mdomo, akaufungua tena, na hakuna kilichotoka. Nikasogea kwenye mkeka nikampisha akae.