Bwana Mpole

"Mama, hapa umeniangusha," mchapaji alisema, akaugonga ukurasa kwa kidole. "'Bwana wangu alikuwa mtu mpole.' Mpole! Mtu aliyekumiliki, akamuuza mwanao! Andika shetani, la sivyo sichapi."

Mama Pasi akautazama ukurasa. Jina hilo alilipata utumwani, kwa kupiga pasi nguo za watu. Sasa alikuwa huru, na kitabu cha maisha yake alikiandika kwa mkono wake mwenyewe. Lakini binti yake bado alikuwa mtumwa, na asingemwona tena mpaka wenye watumwa walainike mioyo. Mashine ya kuchapa mjini ilikuwa moja tu, na mwenyewe ndiye huyu. Mtu mwema, ila kichwa kigumu, jamani!

"Mwanangu, nikimwita shetani, kila mwenye mtumwa atajitazama kwenye kioo, aone hana pembe, afunge kitabu. Sikukuandikia wewe. Nimemwandikia mama yako."

Hapo alimgusa pabaya. Mama yake mchapaji aliishi ghorofani, juu ya mashine, na mpishi wake alikuwa mtumwa aliyeachiwa na marehemu mumewe. Mama na mwana waligombana juu ya mpishi huyo mpaka wakachoka.

"Kamsomee," Mama Pasi akasema. "Akipuuza, tia shetani wako."

Wakapanda. Bibi kizee alikuwa akifuma, mpishi akimenya viazi mlangoni. Mchapaji akasoma shingo upande. Bwana mpole hakumchapa mtumwa hata siku moja.

"Enhe! Kama sisi!" bibi akadakia. "Umesikia, wewe? Hata kofi hujaonja nyumba hii."

"Naam, bibi," mpishi akaitika, macho kwenye viazi.

Watumwa wakiugua, bwana mpole aliwaitia daktari. "Mungu ampe maisha marefu!" bibi akasema, uso umemchangamka.

Mchapaji akaendelea: "Siku aliyomuuza binti yangu kulikuwa na baridi. Bwana alitoka mwenyewe na blanketi jipya, akamfunika mpaka shingoni, akamwambia mnunuzi, 'Asije akashikwa na homa njiani.' Kisha akarudi ndani kunywa chai. Wewe unayenisoma, ungemtendea wema gani zaidi ya huo?"

Sindano zikamlalia bibi mapajani. Akamgeukia mpishi.

"Wewe... ulipoletwa hapa, ulikuwa na watoto?"

Kisu kikasimama.

"Wawili, bibi. Marehemu aliwauza mwaka uleule. Aliwanunulia viatu kwanza, wasichomwe na miiba." Mpishi akamtazama mchapaji, kwa upole tu. "Bwana mdogo ndiye aliyetumwa dukani. Alichagua vizuri. Viliwaenea."

Mchapaji, bwana mdogo mwenyewe, akaikunja karatasi polepole. Mama Pasi alidhani angefurahi kushinda, lakini alimwonea huruma. Akamshika bega.

"Twende kazini, mwanangu," akamwambia.

Wakashuka, na mchapaji akapanga herufi za neno "mpole" huku machozi yanamtoka.