Uzito wa Lori Tupu

Jumatatu saa mbili asubuhi dereva alijaza upepo kwenye matairi ya lori kuukuu kwa pampu ya mguu, akafuta kioo kwa gazeti lililoloweshwa, akatazama maji ya rejeta, kisha akaenda nyuma kuwasalimia wale watu tisa.

"Hamjambo humu?"

"Hatujambo."

Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi mawili ya mbao, watano huku, wanne kule, makoleo katikati ya magoti. Walikuwa hapo tangu lori lilipotumbukia mtoni miaka thelathini na sita iliyopita. Lilivutwa kwa minyororo, likafungiwa kwenye banda la nyuma la kiwanda cha matofali, nao wakaja nalo. Watu wa kiwandani walishawazoea. Mfagiaji akitaka kupitisha ufagio chini ya mabenchi huwaomba wainue miguu, nao huinua.

Mmoja wa wale tisa alikuwa baba yake dereva. Baba alikuwa na miaka ishirini na tisa na mwana arobaini na moja, lakini ubaba hauhesabiwi hivyo.

"Mama yako mzima?" baba aliuliza, kama alivyouliza kila asubuhi.

"Mzima, baba. Presha tu ndiyo inamchezea."

"Mwambie nikiitwa jina tu, nakuja."

Na hapo ndipo penye shida. Kibarua wa kiwanda kile haandikwi getini. Hupandishwa lori mpaka kwenye machimbo ya udongo, na kule ndiko nyapara hufungua daftari na kuita majina. Anayeitwa anaitikia, anashuka, anakuwa mfanyakazi. Asiyeitwa hashuki. Wale tisa hawakufika machimboni, maana lori liliteleza darajani kabla daftari halijafunguliwa. Aliyekuwa akiliendesha aliogelea akatoka. Ripoti ya kiwanda ikasema lori lilianguka likiwa tupu, na ilipigwa chapa vizuri, bila kosa hata moja. Wake zao walipokwenda kuuliza, waliambiwa kwamba mtu ambaye hakuitwa hakuwemo. Mnyonge hana haki. Lakini adabu anayo, na wale tisa, kwa adabu zao, walikaa wakingoja kuitwa.

Sasa kiwanda kilikuwa kinatimiza miaka hamsini. Wakubwa walitaka lori lile la kwanza kabisa litangulie maandamano ya Jumamosi, limepakwa rangi na kufungwa maua. Usajili wake ulifutwa mwaka ule ule wa ajali, kwa hiyo kuliingiza barabarani kulihitaji kibali cha muda.

"Fomu yenyewe ukurasa mmoja," meneja utumishi alimwambia dereva. "Hiyo si kazi ya kukutoa jasho."

Dereva aliisoma fomu jioni ile pamoja na mama yake, mezani. Rangi ya gari. Namba ya chesisi. Uzito likiwa tupu. Walipofika sehemu ya tisa, mama alivua miwani. Iliandikwa: majina ya watu watakaokuwemo.

"Hapo," mama akasema. "Waandike hapo. Waitwe, washuke, yaishe."

Mama huyu hakuwa mke wa mtu wala mjane wa mtu. Alikuwa amekaa katikati ya hayo mawili tangu ujana wake, na alikuwa amechoka, na alisema waziwazi kuwa amechoka.

"Hii presha itaniondoa," akasema. "Nikifa yeye hajashuka, tutapishana. Mimi niko huko namtafuta, yeye yuko huku kwenye lori ananingoja. Jamani, hayo ni maisha? Hata kifo chenyewe kitakuwa si kifo."

Dereva akamwahidi kwamba atawaandika. Ahadi ni deni, na hili alijitwisha mwenyewe, kwa mdomo wake.

Jumanne akapanda nyuma ya lori na kalamu, akawauliza majina mmoja mmoja. Wengine ilibidi wafikiri kidogo. Mmoja, mwenye kovu la jicho, alitaja majina yake matatu na bado akaongeza la babu, asije akachanganywa na mtu mwingine. Dereva aliyabana yote tisa kwenye nafasi iliyokuwa imetengwa kwa mawili.

Lori lilipelekwa mizani likivutwa na trekta, maana halikuwa na ruhusa ya kwenda kwa miguu yake. Kibao cha chuma mlangoni kilisema kilo elfu tatu na mia mbili. Mizani ikasema elfu tatu mia saba themanini na tano. Mpima uzito akamwamuru dereva ashuke. Mizani haikubadilika, kwa sababu dereva alikuwa ameshuka tangu mwanzo na alichofanya ni kusogea tu. Basi mpima akazunguka nyuma.

"Habari zenu, wazee. Shukeni kidogo tupime."

"Tunangoja kuitwa majina," baba yake dereva akajibu.

"Aa, sawa." Akaandika: kilo 3,785, pamoja na watu tisa.

Ofisi ya vibali ilikuwa jengo la pili kutoka hapo. Afisa wa dirisha la nne, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alitoka mwenyewe kuichapa namba ya chesisi kwa penseli kwenye karatasi laini, akawatazama watu wa nyuma, akahesabu kwa kidole, akarudi kitini.

"Majina yapo, uzito upo," alisema. "Kumebaki mhuri wa mwenye gari. Ukiuleta, nitatoka niyasome. Ndiyo utaratibu, kila abiria anaitwa, anashuka, anahakikiwa, anapanda tena akitaka."

"Unawaita wewe mwenyewe?"

"Sasa nimtume nani?"

Dereva alirudi kiwandani moyo ukimdunda kwa furaha. Tangu aajiriwe hapo hakuwahi kuingia ofisi ya meneja utumishi akitabasamu.

Meneja alisoma majina yote tisa kimoyomoyo, midomo ikichezacheza. Alikuwa mtu mpole, hajawahi kumfokea mtu, na ndiyo maana watu walimwogopa.

"Hawa ni nani?"

"Wale walioko kwenye lori, bosi."

"Wale nawapita kila siku, nawajua kwa sura. Nakuuliza, kwetu sisi ni nani?" Alifungua daftari la mwaka ule wa ajali, kubwa, lenye jalada la kitambaa. "Nitafutie jina mojawapo humu. Chukua muda wako."

Dereva hakulishika daftari. Alijua hawamo.

"Nikigonga mhuri hapa nimesema walikuwemo. Kama walikuwemo, basi waliotutangulia walisema uongo. Mwenye kiwanda atapanda jukwaani Jumamosi aseme nini mbele ya wageni?" Akaichana ile fomu mara nne, taratibu, akatoa nyingine mpya. "Sehemu ya tisa, andika hakuna."

"Na uzito, bosi? Mizani imeshaandika."

"Hiyo tofauti andika kutu."

"Kilo mia tano themanini na tano za kutu?"

"Lori la zamani hilo, bwana. Na wewe usinisumbue. Getini wamesimama madereva kumi na wawili, na wote wanajua kuandika neno kutu."

Dereva akaenda nayo bandani, akakaa kwenye benchi karibu na baba yake. Akamweleza yote. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga, na woga ule ulimtia aibu kwa sababu baba yake aliuona.

"Andika," baba akasema.

"Nimemwahidi mama."

"Mimi nilipanda lori hili ili wewe ule. Leo wewe ushushwe kazini kwa ajili yangu, nitakuwa nimekaa humu kwa faida gani? Andika, mwanangu. Hewala haigombi."

Wengine wanane walitazama makoleo yao. Yule mwenye kovu la jicho akauliza, kwa heshima, kama ile karatasi ya kwanza inaweza kutunzwa mahali. Dereva akamwambia imechanwa. Kisha akaandika, fomu ikiwa juu ya goti lake.

Alhamisi afisa wa dirisha la nne alisoma neno kutu mara mbili. Alikuwa amewahesabu kwa kidole chake mwenyewe juzi yake tu.

"Kutu nyingi hii," akasema, akagonga mhuri. Kibali kikatoka: Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kutoka kiwandani kupitia barabara kuu na kurudi.

Mama alikuwa anapiga pasi dereva alipomwambia. Hakulia. Aliuliza tu lori litapita njia gani, na saa ngapi, na dereva akamsomea.

"Basi," akasema, akaligeuza gauni upande wa pili.

Jumamosi lori liliwaka kwa hendeli, mara ya tatu. Mbele yake ilikwenda bendi ya tarumbeta, nyuma yake magari ya wakubwa na wafanyakazi wenye fulana mpya. Watu pembeni walipiga makofi. Wengine waliwapungia wale tisa, nao wakainua mikono kidogo, si sana, wasije wakaonekana wanacheza kazini. Mwenye kiwanda alisema jukwaani kwamba lori lile halijawahi kumdhuru mtu, na makofi yakapigwa tena.

Wakati wa kurudi msafara ulikwama karibu na duka la dawa. Dereva alimwona mama yake kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa amevaa gauni lile lililopigwa pasi, na mkoba mkononi. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya lori. Baba akamnyooshea mkono, akamvuta juu.

"Umezeeka," baba akasema.

"Na wewe hukuzeeka, ndiyo kosa lako hilo. Sogea huko."

Akasogea. Bendi ikaanza tena, lori likaondoka.

Waliingia bandani zikiwa zimebaki dakika kumi kibali kiishe. Dereva akazima injini, akazunguka nyuma.

"Mama, tumefika. Shuka twende nyumbani."

"Sijaitwa," mama akasema.

Akamshika mkono. Ulikuwa umepoa, kama mikono ya wale wengine. Akasimama wima akamwita majina yake yote matatu, kwa sauti ya kazi, kama anavyoita nyapara. Mama hakutikisika. Mtoto si mwenye daftari.

"Ningemkatazaje asipande?" baba akasema. "Si unamjua mama yako."

Dereva aliketi kwenye sakafu ya banda akalia mpaka kola ya shati ikalowa. Walimwacha alie. Alipomaliza akafunga banda, akarudisha ufunguo getini, akaenda kwenye nyumba ambayo sasa ilikuwa na mtu mmoja.

Jumatatu akarudisha kibali. Dirisha la nne lilikuwa na foleni, akangoja kwenye benchi mpaka zamu yake.

"Lori limerudi salama?" afisa akauliza, akifungua faili.

"Limerudi."

"Matairi?"

"Mazima."

"Watu waliokuwemo safarini? Jibu lifanane na la kwenye kibali, la sivyo faili lote linarudi kwa mwajiri wako."

Dereva alimfikiria mama yake ameshika mkoba magotini, kwenye benchi la watano ambalo sasa lilikuwa la sita.

"Hakuna," akasema.

"Sikusikii, bwana. Sema kwa sauti."

"Hakuna mtu," akasema, kwa sauti kubwa, mpaka waliokuwa kwenye foleni wakageuka kumtazama, na afisa akaandika.