X Kumi na Moja za Ngaramtoni

Jioni Elieshi aliweka X nyekundu kwenye kuta kumi na moja, akaenda kulala na furaha yake. Kwake yeye mchoraji zilikuwa alama za kazi tu: hapa mwenye nyumba amekubali, hapa kesho tunachora. Alfajiri mtaa mzima ukaamka, ukaona kila fremu ya duka imewekewa X, alama ya watu wa barabara kwa nyumba za kubomolewa. Hakuna aliyekumbuka chai.

Alipofika na ndoo zake za rangi, Reginald muuza misumari alikuwa juu ya paa, anang'oa bati lake mwenyewe kabla halijavunjwa. Lydia wa mgahawa alishatoa meza, masufuria, hata kalenda ya kanisa.

"Mangi Reginald, shuka!" Elieshi akaita. "X hizo ni mimi nimeziweka!"

"Tangu lini wewe ni mtu wa barabara?" Reginald akauliza kutoka juu.

"X zangu ni za kuchora, si za kubomoa!"

Lydia akashika kiuno. "Binti, nchi hii nani anapaka X nyekundu kwa ajili ya maua? Chaki hukuiona?"

Watu wakacheka, ila kicheko cha mtu aliyebeba kochi kichwani hakidumu. Wakamtaka azifute na asirudi. Miezi mitatu Elieshi alikuwa amebisha hodi milango hiyo, akibembeleza ukuta mmoja mmoja ili mtaa ule wa vumbi upate sura. Sasa ulikuwa unamponyoka kwa kosa la mkono wake mwenyewe.

"Muulize Mzee Sifaeli," Reginald akasema. "Yeye akikubali umchoree, narudisha bati. Akikataa, beba ndoo zako."

Mzee Sifaeli, kinyozi, alikuwa ameketi kwenye stuli mbele ya ukuta wake. Barabara ilipopanuliwa, kibanda chake cha kwanza cha kunyolea kiliwekewa X ya kweli, kikalala chini huku akitazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Futa."

"Ni rangi ya mafuta, haifutiki. Naweza kuifunika kwa nyeupe niondoke, nawe kila asubuhi ukumbuke iko hapo. Au unipe ukuta huu mpaka jioni. Nimekosea, mzee, sikatai. Lakini siwezi kuondoka hapa nimewaachia hofu peke yake."

"Una kiburi."

"Ninacho."

"Na utachora nini? Tembo? Arusha nzima ni tembo."

"Kile kibanda chako walichokibomoa."

Mzee akautazama ukuta. Hakukubali, hakukataza. Elieshi hakusubiri zaidi. Akabandua mfuniko wa kopo, akapiga magoti, akaanza na kizingiti. Watu walibaki na vitu vyao mikononi, wakimtazama. Kwenye mchoro ukainuka ukuta wa kibanda, likatokea benchi la wateja, ukafuata mlango wa kijani, wazi, umefungukia barabarani. Jua lilimchoma kisogo. Hakugeuka.

Fimbo ikagonga ukuta kando ya sikio lake.

"Mlango huo ulifungukia ndani," Mzee Sifaeli akasema. "Na haukuwa wa kijani. Ulikuwa wa bluu."

"Bluu gani, mzee?"

"Ya majoho ya kwaya. Inayong'aa kabisa. Watu walinicheka."

Elieshi akaanza kuchanganya. Huku nyuma, juu ya paa, nyundo ya Reginald ikagonga msumari wa kwanza.