Ulikugusa, Haukunigusa

"Ulikugusa!"

Hiyo ndiyo salamu aliyoingia nayo dada mtu asubuhi ya Ijumaa, kabla hata hajavuka kizingiti cha chumba cha kushonea. Hodi hakupiga, hujambo hakusema. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, hakuinua macho kwenye cherehani. Aliendelea kukanyaga pedali, vidole vikiongoza kola ya shati la shule chini ya sindano, akajibu kama alivyojibu tangu akiwa msichana wa mapengo:

"Haukunigusa!"

Baada ya hapo ndipo walipokumbatiana na kuulizana habari za kulala.

Mteja aliyekuwa akisubiri suruali yake alitoa macho. Maskini, alikuwa mgeni. Wenyeji walishazoea, na wala hawaulizi tena.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kuna mchezo unaitwa kati, na kama hujawahi kuucheza, pole yako. Wawili wanasimama huku na huku na mpira, wengine wanabaki katikati wakikwepa. Ukiguswa, umetoka. Hapo katikati kuna chupa tupu, na mtu akiweza kuijaza mchanga huku mpira unamtafuta, basi ameshinda na amewaokoa wenzake wote waliotoka. Siku hiyo ya enzi za utoto wao, Fundi alibaki peke yake katikati. Chupa ilikuwa imejaa mpaka shingoni, bado kiganja kimoja tu cha mchanga. Dada yake akarusha. Mpira ukapita ubavuni. Mrushaji akapiga kelele kwamba umegusa, mkwepaji akaapa kwamba haukugusa, na kabla watu hawajaamua, mama yao akaita kutoka mlangoni. Mama yule hakuwa mtu wa kuita mara mbili. Wakakimbia ndani, na mchezo haujamalizwa mpaka leo.

Wamebishana kwenye harusi. Wamebishana msibani, kwa kunong'ona, mpaka shehe mmoja akakohoa. Fundi alipokuwa wodini amejifungua, hajapewa hata mtoto mkononi, Dada alichungulia mlangoni akasema nini? Unajua mwenyewe alichosema.

Lakini Ijumaa hiyo Dada alikaa kwenye kigoda, akashika mkasi, akauweka, akashika futi, akaiweka.

"Jumapili asubuhi naondoka," alisema.

Fundi alijua kwamba siku hiyo inakuja. Dada alikuwa mwoka mikate aliyestaafu, na mwanawe wa kwanza, anayeishi ng'ambo ya mpaka, alikuwa amemng'ang'ania akakae naye. Nyumba ilishapata mpangaji. Masufuria yalishafungwa. Hata hivyo, mguu wake ulisimama kwenye pedali.

"Utarudi lini?"

"Mungu akipenda," Dada alijibu, akatazama dirishani. Kila aliyemuuliza swali hilo alipewa jibu hilohilo na dirisha hilohilo.

Fundi alizima taa ya cherehani. Alikuwa na hasira, tena hasira ya kutaka kulia, na alipokuwa na hasira ya namna hiyo alikuwa hakawii kuropoka.

"Basi huondoki kabla hatujamaliza mchezo."

"Mchezo gani?"

"Usijifanye. Kesho alasiri, uwanja wa nyuma. Utarusha, nitakwepa, nitaijaza chupa ile mbele ya watu, na utakiri kwa mdomo wako kwamba haukunigusa. Ndipo uende zako."

"Kwa magoti hayo?" Dada aliangua kicheko. "Utateguka kiuno wewe, nikose safari kwa ajili ya kukuuguza."

"Sema unaogopa."

"Nani? Mimi? Naogopa?" Dada alisimama, akakunja mikono ya gauni. Alikuwa amekanda unga maisha yake yote, na mikono yake, akikushika nayo, huchomoki. "Tengeneza mpira!"

Kweli, Fundi aliutengeneza. Mashati ya shule yakasubiri. Alikusanya vipande vya bluu na vya kijivu vilivyobaki sakafuni, akavisokota vikawa donge, akalivalisha soksi, akalizungushia kamba, kisha akalishonea ngozi ya nje kwa mkono, mishono midogo iliyobana, mpaka ukawa mpira mzuri wa matambara, mzito kiasi chake. Aliurusha juu akaudaka. Akacheka peke yake kama mwehu. Usiku ule alilala nao pembeni ya mto, na ukimuuliza atakataa.

Jumamosi alasiri uwanja wa nyuma wa majengo ya ghorofa ulikuwa umejaa watoto, lakini nusu yao walikuwa wameketi ngazini wameinamia simu moja. Mjukuu wa Fundi, ambaye kwa sababu ya mdomo wake aliitwa Kimbelembele hata na walimu, ndiye aliyeushika mpira kwanza. Akaugeuza. Akautikisa sikioni.

"Bibi, huu unawashiwa wapi?"

"Unawashwa kwa kurushwa, mwanangu. Simama hapo."

Binti wa Fundi, yaani mama yake Kimbelembele, ni nesi. Alikuwa ametoka zamu, viatu vyeupe mkononi, akaona mama yake amefunga gauni kiunoni kwa mkanda anachora mstari mchangani kwa kisigino. Alikuja mbio.

"Mama! Goti! Daktari alisemaje kuhusu goti?"

"Alisema nisipande ngazi. Unaniona napanda ngazi?"

"Mama mkubwa, mwambie basi!"

"Mimi nimekuja kumtoa huyu," alisema Dada akinyoosha bega. "Wewe utarusha upande ule. Au umesahau?"

Nesi akaviweka viatu ukutani. Macho yake yalikuwa yameshaanza kucheka, maana zamani na yeye aliwatoa watu jasho katika uwanja huohuo.

Likazuka tatizo la sheria. Fundi alieleza za kwao: ukiguswa umetoka, chupa ikijaa umeokoa wote. Nesi akaruka. "Hapana, mama, sisi tulikuwa na kudaka. Mtu akiudaka mpira hewani, anamrudisha mwenzake mmoja." Kimbelembele akaingia katikati, mikono kiunoni.

"Na maisha je?"

"Maisha gani?"

"Kila mtu ana maisha matatu. Ukiguswa unapoteza moja. Mchezo gani huo unakufa mara moja tu? Nani atacheza?"

"Mimi nilipewa maisha mara moja, mjukuu wangu," alisema Fundi, "na nimeshayatumia karibu yote."

"Leo nakupa matatu, bibi."

Watu walicheka mpaka kwenye vibaraza vya juu, ambako majirani walikuwa wameanza kuegemea vyuma. Wakakubaliana: chupa ya bibi, kudaka kwa mama, maisha ya watoto. Kimbelembele akajiteua refa, na nani angembishia? Fundi akaingia katikati na watoto watatu wa jirani, simu ikabaki ngazini peke yake.

Jamani, asikwambie mtu! Dada alirusha mpira wa kwanza ukapiga mluzi. Ulimpata mtoto mmoja mgongoni, pu! Akarukaruka kwa furaha akipiga kelele, "Nimebaki na mawili! Nimebaki na mawili!" Nesi akaudaka upande wa pili, akaurudisha chinichini, ukawafagia wawili kwa mpigo. Vumbi likatimka. Fundi akainama, akachota kiganja cha mchanga, akamimina chupani, akaruka kando. Alikuwa amesahau kwamba mwili unaweza kujua jambo kabla ya kichwa. Miguu ilikwenda yenyewe. Goti lilimuuma, na wala hakulisikiliza.

"Bibi, nyuma!"

Aligeuka amechelewa. Mpira ulimtandika begani, na uwanja mzima ukalipuka.

"Ulikugusa!" Dada alirukaruka. "Mmeona? Ulikugusa!"

"Huu ndiyo! Ule wa zamani hapana!"

"Bibi, maisha mawili," alitangaza Kimbelembele kwa sauti ya redio.

Nesi akafuata. Alijifanya anamlenga mtoto, mpira ukamfikia mama yake pajani. Akajiziba mdomo. "Samahani, mama!"

"Samahani ya nini? Rusha!"

Akabaki na moja. Mtoto wa kwanza alishatoka, wa pili akatoka. Dada akarusha mpira wa juu, mrefu, na Fundi akaufuata kwa macho, akarudi nyuma hatua kwa hatua, akaunyooshea mikono miwili, akaudaka kifuani. Kelele zilizopigwa hapo zilimtoa kinyozi dukani mwake na wembe mkononi. Mtoto mmoja akarudi, akatoka tena papo hapo, kwa pupa yake. Wa tatu naye akatoka. Watoto wote watatu wakapanga mstari ukingoni wakiimba jina la bibi yao wa kuazima: "Fundi! Fundi! Fundi!"

Akabaki peke yake katikati. Akachota, akamimina, akakwepa. Akachota, akamimina, akalala chini kabisa, gauni likaenea mchangani, akainuka kwa kushika kiuno. Chupa ikapanda, ikapanda, ikafika shingoni.

Bado kiganja kimoja.

Alikuwa nao mchanga mkononi. Mpira ulikuwa kwa Dada. Fundi akamtazama dada yake. Kilemba kilishamwanguka, mvi zimetawanyika, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, anahema na kucheka kwa wakati mmoja. Uso ule hakuwa ameuona miaka mingi. Hapo ndipo kesho ilipomwingia kifuani, yote kwa pamoja. Mchanga huu ukiingia chupani, mchezo umekwisha. Amepata alichokitaka. Na mchezo ukishakwisha, Dada atampigia simu kutoka huko mbali aseme nini? Hujambo? Watoto hawajambo? Kama watu wa kawaida? Fundi alihisi mkono wake unakataa kushuka. Hakutaka uishe. Loo, hakutaka kabisa uishe!

Dada akarusha.

Mpira ulipita ubavuni. Fundi alisikia upepo wake kwenye kitambaa, na upepo tu. Haukumgusa. Safari hii hata mbele ya hakimu angeapa.

"Umenigusa!" alipiga kelele.

Lakini kulikuwa na sauti nyingine iliyopigwa wakati huohuo, kutoka kwa mrushaji, mikono juu: "Haujamgusa! Haujamgusa, nimeona kwa macho yangu, ameshinda!"

Wakatazamana.

"Nimesema umenigusa," alisema Fundi.

"Wapi? Onyesha."

"Hapa. Kwenye gauni."

"Mwongo mkubwa wewe! Umepita mbali!"

"Nani aliyeguswa, mimi au wewe?"

"Sasa unanifundisha? Nimekwambia haujakugusa! Jaza chupa yako!"

"Sijazi!"

"Jaza!"

Waligombana pale katikati, pua kwa pua, machozi yakiwatoka wote wawili, na hakuna aliyejisumbua kuyafuta. Nesi alikuwa ameshaelewa. Aligeukia ukuta, mabega yakimcheza. Watoto hawakuelewa chochote. Walitazama mmoja, wakatazama mwingine, mpaka Kimbelembele akapoteza subira.

"Basi!" alifoka. "Hamjielewi nyinyi. Tunahifadhi!"

"Kuhifadhi nini?" aliuliza Dada.

"Mchezo. Kwenye simu mama akikuita ukale, si unahifadhi? Hauishi. Ukirudi unaanzia palepale, na maisha yako yaleyale, na kila kitu chako." Aliwatazama kwa huruma, watu wazima wazima. "Nyinyi zamani mkiitwa ndani mlikuwa mnafanyaje?"

Dada alipangusa uso kwa mkono wa gauni.

"Na mtu akikaa muda mrefu kabla ya kurudi?"

"Haidhuru."

"Haufutiki?"

"Haufutiki, bibi. Lakini lazima arudi. Asiporudi yule wa kurusha, huyu wa katikati atabaki amesimama tu hivyo hivyo na mchanga mkononi."

Dada alimtazama mdogo wake. Fundi kweli alikuwa amesimama hivyo hivyo, ngumi imefumbwa, mchanga unamvuja taratibu kati ya vidole. Angefungua mdomo, angelia kwa sauti, na majirani wote walikuwa wanaangalia.

"Shule zinafungwa lini?" Dada aliuliza. Safari hii hakutazama dirisha wala pengine popote.

"Mwezi wa nane," alisema nesi kutoka ukutani.

"Basi mwezi wa nane niko hapa, katika mstari huu." Aliinama, akaiokota chupa kwa mikono yake miwili, akaiziba mdomo kwa kiganja, akamkabidhi Kimbelembele. "Na ole wake atakayeongeza hata punje."